Maandamano yakishaisha, nani anajibu kwa risasi?

Mwalimu wa Bombo

Salaam kwenu nyote. Nimechoka na mabishano yetu ya kila mara. Maandamano yakitokea Kampala, kesho yake sote tunakuwa mahakimu: walikuwa na kibali, hawakuwa na kibali, walichoma matairi, hawakuchoma. Tunabishana wiki nzima, kisha tunanyamaza mpaka mara nyingine. Mimi nataka tujadili kinachofuata moshi ukishatoka. Nani alipiga, nani alimtuma, na faili lake liko wapi?

Chukueni Novemba 2020. Tarehe 18 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alikamatwa Luuka, mashariki mwa nchi, akiwa kwenye kampeni, kosa likiwa kukusanya watu zaidi ya 200 wakati wa korona. Kampala ikawaka, na miji mingine ikafuata. Siku mbili tu. Waliokufa ni 54, na hiyo si hesabu ya wapinzani. Ni ya Rais Museveni mwenyewe alipolihutubia taifa mwishoni mwa mwezi ule. Akawagawa: hawa wafanya fujo, hawa wamepatwa na risasi zilizopotea, na akazungumzia fidia kwa wale wasiokuwa wafanya fujo. Sawa. Lakini risasi iliyopotea imetoka kwenye bunduki, bunduki ina namba, na asubuhi ile kuna mtu aliitilia saini ghalani. Basi mnitajie askari mmoja, mmoja tu, aliyefungwa kwa ajili ya siku zile mbili.

Waziri wa Usalama wa wakati ule, marehemu Jenerali Elly Tumwine, alisema hadharani kwamba fujo zikifika kiwango fulani polisi wana haki ya kukupiga risasi ukafa. Kiwango gani, hakusema. Mimi ni mwalimu. Nikimwambia mwanafunzi nitakuchapa ukifika kiwango fulani, halafu nisimwonyeshe mstari, ataniogopa tu hata siku ambayo hajakosa.

Husemwa kwamba watu hawana imani na polisi kwa sababu ya viboko na mabomu ya machozi. Sikubali sana. Kiboko kinauma na kinapona. Imani inakufa kesho yake, unapokwenda kituoni kuuliza na kila mmoja anakwambia hakuwa zamu.

Mama Kikuubo

Mwalimu nakuheshimu, ila wewe unakaa Bombo, nje ya Kampala. Mimi nauza vitenge Kikuubo, katikati ya mji. Nilifunga duka Septemba 2009 Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga. Nikafunga Aprili 2011, Besigye wa upinzani na wenzake walipoanza kutembea kwa miguu kwenda kazini kulalamikia bei ya mafuta na chakula. Nikafunga tena 2020. Kila mara, wa kwanza kufika mlangoni kwangu si mwandamanaji. Ni kijana asiyejua hata watu wanadai nini, macho yake yako kwenye kufuli. 2020 waliweka mawe barabarani wakawa wanawatoza madereva pesa, na aliyevaa njano ya chama tawala siku ile alijuta kuzaliwa. Hao nao nani anajibu kwa ajili yao? Mkopo wangu hausubiri haki za binadamu.

Niseme ukweli: nikisikia mlio wa bomu la machozi, nusu ya moyo wangu inaogopa na nusu inashukuru.

Kijana wa Katwe

Mama, hiyo nusu inayoshukuru ndiyo wanayoitegemea.

Mama Kikuubo

Najua, mwanangu. Wengi wanayo na wanaificha. Mimi nimeisema.

Karani wa Sheria

Ngoja niingie kwenye hili la kibali, maana Mwalimu amelipita mbio na ndipo uongo mwingi ulipo. Mimi si wakili, napanga mafaili ya mawakili, lakini mafaili nayasoma.

Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kibali hakitajwi humo. Zamani kifungu cha 32 cha Sheria ya Polisi kilimruhusu Mkuu wa Polisi kupiga marufuku mkusanyiko akiona tu kwamba huenda ukavunja amani. Muwanga Kivumbi, mwanasiasa wa upinzani, akalipeleka Mahakama ya Katiba, na mwaka 2008 majaji wakayafuta mamlaka hayo. Serikali ikatulia kidogo. Mwaka 2013 ikaja na Sheria ya Kusimamia Mikutano ya Hadhara, hii POMA mnayoisikia. Inakutaka uwape polisi taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 15 kabla ya mkutano. Taarifa, jamani, si ombi. Ila kifungu cha 8 kikarudisha yaleyale yaliyofutwa: afisa anaweza kuzuia na kutawanya. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikakitupa na hicho, na moja ya sababu ni kwamba Bunge haliwezi kutunga sheria ya kugeuza hukumu iliyokwisha kutolewa.

Sasa tazameni tarehe. Hukumu ilisomwa Machi 2020, siku zilezile nchi ilipokuwa ikifungwa kwa ajili ya korona. Zikaja kanuni za afya, ukaja ukomo wa watu 200, na Novemba ndizo zilizotumika Luuka. Wakikosa hizo, kuna kosa la kero kwa umma kwenye Kanuni ya Adhabu, tuliloachiwa na Mwingereza. Hilo halizeeki. Wanafunzi wanaopinga bomba la mafuta ghafi wameshtakiwa nalo, waliotembea kwenda Bungeni 2024 wameshtakiwa nalo.

Kwa hiyo swali la kibali lilijibiwa mahakamani mara mbili. Barabarani halijajibiwa hata mara moja.

Mkongwe wa 86

Ninyi mnasoma ibara, sisi tuliishi. Nilikuwa Kampala wakati wa panda gari, utawala wa pili wa Obote. Wanajeshi wanazunguka mtaa alfajiri, wanaume wote juu ya malori, wengine hatukuwaona tena. Hakukuwa na tume ya kulalamikia, hakukuwa na Mahakama ya Katiba ya kumsikiliza Kivumbi. Leo mtu anamtukana Rais kwenye simu kisha analala kwake.

Mnatazama Kenya mnatamani. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia Bungeni Nairobi wakawasha moto, na siku ileile watu wakapigwa risasi mlangoni pa Bunge. Mnalitaka hilo hapa? Askari akizuia mapema wanaumia wachache. Akichelewa wanaumia wengi. Hesabu hiyo haipendezi, lakini ni hesabu.

Kijana wa Katwe

Shikamoo mzee. Hilo la kumtukana Rais na kulala nyumbani, naomba nikupinge kwa adabu. Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimpa kijana wa miaka 24 kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok. Hakurusha jiwe, hakuchoma tairi.

Na panda gari yenu sisi tunayo, ila inaitwa droni. Zile Hiace za vioo vyeusi. Uchaguzi wa Januari 2021 ulipopita, vijana wa mitaa yetu walikuwa wakiiona inakata kona wanatawanyika kama kuna simba. Lori limekuwa dogo tu.

Mkongwe wa 86

Marahaba. Usilinganishe. Wengi waliopakiwa kwenye droni walirudi.

Kijana wa Katwe

Wengi.

Afande Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya. Nilivaa sare miaka mingi, sasa nafuga kuku, kwa hiyo naweza kusema kidogo. Vituo nilivyokaa sitavitaja.

Mnadhani askari anaamka ana hamu ya kupiga watu. Askari anaamka ndani ya mama ingia pole. Kwa wasioijua, ni kile kibanda cha bati cha duara mnachokiona kambini, ukiingia unainama, ndani kuna kitanda, jiko, mke, watoto na pazia moja katikati. Usiku mmeambiwa hakuna kulala, mjini kutakuwa na shida. Saa kumi alfajiri mko kwenye lori. Hamjaambiwa wanaoandamana ni akina nani wala wanadai nini. Mnaambiwa chakula kitafuata. Hakifuati. Saa nane mchana jua liko utosini, umekwishapigwa jiwe la kofia, kijana wa umri wa mwanao anakutukania mama yako, na kwenye redio sauti inasema: safisha barabara. Usafishe vipi, kwa nini, mpaka wapi? Hakuna anayeuliza. Ukiuliza, jioni unaitwa mtu wa upinzani. Hiyo ndiyo amri kutoka juu mnayoisikia. Huko juu ni wapi, hata mimi sikuwahi kufika.

Halafu kuna jambo ambalo raia hawalioni vizuri kwa sababu wanakimbia. Siku kama ile hatuko peke yetu barabarani. Kuna polisi wa kawaida, kuna FFU wa kutuliza ghasia, kuna polisi jeshi wenye kofia nyekundu, kuna LDU, wale walinzi wa mitaa walio chini ya jeshi, na kuna wengine wamevaa fulana na jinzi, wana bastola, na sisi wenyewe hatujui wametoka ofisi gani. Kila kundi lina mkubwa wake na redio yake. Mtu akianguka, kila kundi linageuza shingo kutazama kundi jingine. Nipeleke mahakamani leo, nitashika kitabu na kuapa kwamba sikumwona aliyepiga. Na huenda nisiwe nimesema uongo.

Msidhani hatukuona haya. Mke wangu anauza mboga sokoni. Jioni ya siku kama hiyo hakuna anayenunua kwake.

Mwalimu wa Bombo

Afande, ahsante sana. Huo mchanganyiko haukuzuka wenyewe. Una historia, na haikuanza kwa nia mbaya.

Mwaka 1999 iliundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza rushwa ndani ya polisi. Yaliyosikika pale yalitia watu kinyaa. Tiba iliyochaguliwa ikawa kuleta mwanajeshi: mwaka 2001 Jenerali Katumba Wamala akawa Mkuu wa Polisi, wa kwanza kutoka jeshini. Binafsi nilipiga makofi, na nadhani wengi hapa walipiga. Akafuata Jenerali Kale Kayihura kuanzia 2005 mpaka 2018. Hapo ndipo Kampala ilipozoea kuona magari ya kivita ya Mamba na mabomu ya machozi mpaka ndani ya Soko la Kisekka. Ile Bustani ya Katiba katikati ya mji, mahali pa wachovu kupumzikia mchana, ikafungwa baada ya 2011 ikawa kambi ya askari. Aliyemfuata Kayihura, Martin Okoth Ochola, alikuwa polisi kwa kazi yake, lakini manaibu wake walikuwa majenerali: Sabiiti Muzeyi, kisha Paul Lokech. Tangu 2024 tuna Abas Byakagaba, naye ni polisi wa siku nyingi.

Polisi ana kazi ya kumkamata mtu akiwa hai, amfikishe mahakamani na faili lenye jina la aliyemkamata. Mwanajeshi hakufundishwa hivyo. Ukiwachanganya barabara moja, faili ndilo la kwanza kupotea.

Dada wa Arua

Hayo ya kila kundi na redio yake sisi huku tuliyaona mchana kweupe. Agosti 2018, uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua. Ilisemwa gari la msafara wa Rais limerushiwa mawe. Jioni ile dereva wa Bobi Wine alipigwa risasi akiwa ameketi ndani ya gari. Watu 33 wakashtakiwa uhaini Gulu, baadhi yao wakibebwa kuingia mahakamani, na Kassiano Wadri akashinda ubunge akiwa korokoroni. Watu wa Arua walimpigia mtu aliyefungwa, hiyo ndiyo iwe kura yenu ya maoni kuhusu imani.

Wiki iliyofuata vurugu zilipohamia Kampala, wanajeshi walimpiga mpigapicha wa Reuters, picha ikazunguka dunia, na jeshi likatangaza kuwakamata waliofanya vile. Kumbe wanajulikana wakitakiwa! Kwa dereva, kamera haikuwepo.

Niseme na la pembeni. Huku West Nile Kiswahili ni cha sokoni, cha msikitini, na cha kuchumbiana pia. Nikishuka Kampala nikakizungumza kwenye teksi, mama mzima anavuta mkoba wake kifuani. Kwao ni sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, toka, lala chini. Serikali ilipitisha 2022 kifundishwe shuleni kote. Sijui walimu wa Buganda watamwambia nini bibi anayekumbuka alijifunzia wapi.

Mwalimu wa Bombo

Dada, mimi ni Mnubi wa Bombo, jamii iliyotokana na askari wa kikoloni. Hilo nimeishi nalo maisha yangu yote. Tulifungulie uzi wake.

Kijana wa Katwe

Mzee wa 86 amesema askari azuie mapema. Basi tuitazame siku waliyozuia mapema, 23 Julai 2024.

Maandamano yale hayakuwa na chama wala kiongozi. Vijana walisema wanatembea kwenda Bungeni kupinga ufisadi. Spika Anita Among alikuwa amekwishawekewa vikwazo na Uingereza Aprili mwaka ule kwa tuhuma hizohizo, mwenyewe akikanusha, na kabla ya hapo nchi nzima ilikwishasikia habari za mabati ya Karamoja, yaliyokusudiwa maskini yakaishia kwa wakubwa. Hayakuwa mambo ya kubuni. Siku chache kabla, Rais akasema vijana wanacheza na moto. Polisi wakasema wana habari kwamba kuna wanaotaka kuyatumia kufanya fujo. Siku moja kabla, askari wakazingira makao makuu ya NUP, chama cha Bobi Wine, ambacho hakikuyaitisha. Asubuhi njia za kwenda Bungeni zimejaa askari, maduka kimya, Mama Kikuubo utakumbuka.

Waliojitokeza walikuja wawili wawili, watatu watatu, wengine mtu peke yake na bango lake. Wakazolewa mmoja mmoja. Sasa mtu mmoja mwenye bango ni mkusanyiko? Mpaka jioni wengine wako mahakamani kwa kero kwa umma, kisha gereza la Luzira. Hakukuwa na tairi lililochomwa wala duka lililovunjwa.

Ndiyo maana nasema hoja ya fujo ni ya mapambo. Wakiwa na fujo wanapigwa, wasipokuwa na fujo wanapigwa mapema.

Mama Kikuubo

Nakumbuka. Siku ile sikuuza hata kitenge kimoja. Na safari hiyo aliyenifungia duka hakuwa mwandamanaji. Hilo nakupa.

Mtoto wa Busia

Mimi niko mpakani, mguu mmoja Uganda mmoja Kenya. Mnanifurahisha mnaposema Kenya hivi, Kenya vile. Kenya wanaua pia, tena sana. Tofauti ninayoiona kutoka hapa ni moja. Wana IPOA, chombo kilichowekwa na sheria ya 2011, kiko nje ya polisi, kinachunguza polisi. Ni kichovu, kesi zinachukua miaka, askari wenyewe wanakificha mambo. Lakini mwalimu mmoja alipofia seli Nairobi Juni 2025, haikuchukua muda mrefu maafisa wakasimamishwa kizimbani, mkubwa wa kituo akiwemo, kwa majina yao kamili. Hapa kwetu ukimlalamikia polisi unapelekwa kitengo cha nidhamu ambacho nacho ni cha polisi.

Afande Mstaafu

Kile kitengo kinafanya kazi, msikidharau. Kimewafukuzisha kazi wengi. Ila wengi wao ni wa kuomba elfu ishirini kwa dereva. Wa maandamano sikuona.

Karani wa Sheria

Mtoto wa Busia amegusa penyewe. Watu wanadhani Uganda haina sheria za kuwabana askari. Zipo, na ni kali.

Kuna sheria ya 2012 ya kupiga marufuku utesaji. Kuna Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, na humo afisa wa umma anawajibika yeye binafsi, kwa mfuko wake, hata kama alitumwa. Tena ikithibitika kwamba mshtakiwa aliteswa au haki zake za msingi zilivunjwa, kesi yake inabatilishwa na anaachiwa. Nimeshika mafaili ya namna hiyo kwa mikono yangu, si hadithi.

Lakini someni tena maneno hayo: yeye binafsi. Maana yake ukifungua kesi unahitaji mtu. Jina, cheo, namba ya kifuani. Ndipo ukumbuke kijibati cha jina kilichong'olewa kwenye sare, kitambaa usoni, Hiace isiyosomeka namba, fulana na jinzi za Afande. Machi 2025 kwenye uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, wanahabari walipigwa na watu waliofunika nyuso, mchana, mbele ya kamera zao wenyewe. Picha tunazo. Umshtaki kitambaa? Kwa maoni yangu hakuna kilichoiua sheria ya 2019 kama kile kitambaa, na hakuna aliyehitaji kwenda Bungeni kuifuta.

Usipompata mtu, unaishtaki serikali yenyewe, au unakwenda Tume ya Haki za Binadamu. Huko nako ni shida ya aina yake. Mwenyekiti wake Meddie Kaggwa alifariki Novemba 2019, na mwenyekiti kamili mpya, Mariam Wangadya, hakupatikana mpaka 2021. Hesabuni. Zile siku mbili za Novemba 2020 zilikuta kiti cha Tume kiko wazi. Na hata ukishinda, fidia inalipwa na hazina, yaani kodi ya Mama Kikuubo, nayo inachelewa miaka. Aliyepiga hata hajui kwamba umeshinda.

Mkongwe wa 86

Msiseme hakuna anayeadhibiwa. Februari 2021 wanajeshi waliowapiga wanahabari mbele ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, Kololo, walishtakiwa jeshini wakahukumiwa. Mkuu wa Majeshi aliomba radhi hadharani. Hilo hamlitaji.

Karani wa Sheria

Nalitaja, mzee, na nashukuru umelileta. Kifungo kilikuwa hadi siku 90. Radhi ikatoka haraka, kesi ikaisha haraka, majina yakapatikana haraka. Inaonyesha kwamba mashine ipo na ina mafuta. Waliopigwa mbele ya Kisekka walikosa tu bendera ya Umoja wa Mataifa nyuma yao.

Mkongwe wa 86

Hapo sina la kukujibu kwa leo. Lakini panda gari sitaisahau, na ninyi msiisahau.

Hajati wa Stejini

Samahanini, mimi sikuja kubishana. Nina mtoto wa dada yangu, anaendesha bodaboda. Vijana wa steji yao walipanda migomba kwenye mashimo ya barabara, wakafunga njia kwa muda. Polisi wakaja wakazoa waliokuwepo. Amekamatwa juzi asubuhi. Kituoni wananiambia leta pesa ya bondi. Nifanyeje?

Karani wa Sheria

Hajati pole. Kwanza, bondi ya polisi ni bure, na vituo vingi vimeandika hivyo ukutani kwao wenyewe. Pili, ibara ya 23 ya Katiba inataka awe amefikishwa mahakamani ndani ya saa 48, na kama alikamatwa juzi asubuhi, saa hizo zimekwisha au ziko ukingoni. Nenda na kitambulisho chako cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, na mtu mwingine mwenye makazi ya kudumu hapo. Uliza namba ya kesi, ya CRB (daftari la makosa) au ya SD (shajara ya kituo). Wasipokupa namba, basi hana kesi, na hapo uliza kwa sauti kidogo.

Afande Mstaafu

Na usiishie kaunta tu. Muulize OC, mkuu wa kituo, kwa adabu, mbele ya watu, asubuhi kabla hajatoka. Mwite afande, usimwite kijana. Andika jina lake akuone unaandika.

Mama Kikuubo

Hajati, wakikwambia bila pesa haiwezekani, kaa kwenye benchi. Usiondoke. Mimi benchi limenisaidia kuliko wakili.

Hajati wa Stejini

Allah awalipe. Ametoka. Walianza na elfu hamsini, nikawaonyesha maandishi yao ukutani, mmoja akacheka akasema mama huyu amesoma. Anatakiwa kuripoti Alhamisi.

Karani wa Sheria

Alhamdulillahi. Nenda naye hiyo Alhamisi, asiende peke yake. Wana mtindo wa kuripotisha mtu miezi, hakuna kesi inayofunguliwa, hakuna inayofungwa. Alipewa karatasi ya bondi? Kosa limeandikwaje?

Hajati wa Stejini

Kero kwa umma.

Kijana wa Katwe

Si nilisema! Na pikipiki, Hajati?

Hajati wa Stejini

Pikipiki wamebaki nayo. Wanasema ni kielelezo.

Kijana wa Katwe

Kielelezo cha nini, cha migomba?

Hajati wa Stejini

Ndilo nitakalowauliza Alhamisi.